Mshonaji wa mapambo ya felti ahesabu saa zake kabla ya kutaja bei

Katika nyanda za juu za Kenya, kuanzia Molo na Mau Narok hadi Kinangop na Timau, kondoo wa sufu sharti anyolewe kila mwaka, soko liwepo lisiwepo. Asiponyolewa huteswa na joto na uchafu, na nzi hutaga mayai katika manyoya yake yaliyolowa. Kwa mfugaji mwenye kondoo 10 au 15, gharama ya kunyoa haina budi kulipwa. Mnunuzi wa sufu, kwa upande wake, anaweza kufika au asifike kabisa. Ndiyo sababu magunia ya sufu hukaa ghalani hadi nondo wakaingia, au yakamwagwa shimoni pamoja na takataka za zizi.

Wakati huo huo, mjini, kuna akina mama na vijana wanaoshona mapambo ya felti kwa mkono: tembo wadogo, ndege, nyota za mti wa Krismasi, maua ya kubandika kwenye vazi, herufi za majina ya watoto. Wengi wao hununua felti ya plastiki iliyotoka ng'ambo, kipande baada ya kipande, katika maduka ya vifaa vya shule na ushonaji. Mfugaji wa Kinangop na mshonaji wa Nairobi hawajuani, na hasara ya kutojuana huko inawaangukia wote wawili.

Felti si kitambaa cha kufumwa. Ukitazama unywele wa sufu kwa darubini utaona magamba madogo kama ya samaki. Sufu ikilowa maji ya moto yenye sabuni kisha ikasuguliwa, magamba hayo hunasana, na nywele hushikana zikawa bamba moja lisilofumuka. Kwa kuwa halina uzi wa kwenda wala wa kukatiza, bamba hilo likikatwa kwa mkasi halichanuki pembeni. Hakuna haja ya kupinda upindo wala kupiga ovaloki. Hiyo ndiyo siri ya kazi hii kufaa nyumbani: haitaki cherehani wala umeme, na mtu anaweza kuiweka chini mtoto anapolia, kisha akairudia bila kuharibu chochote. Mkasi mkali, sindano, uzi wa kudarizi na mshono wa blanketi vinatosha kuanzia.

Wapo wanaoicheka kazi hii wakisema ni mchezo wa kupotezea wakati wa wake za matajiri. Dhihaka hiyo inasahau historia. Katika mji mdogo wa Giengen, Ujerumani, Margarete Steiff, aliyezaliwa 1847, alipooza miguu kwa polio akiwa mtoto mchanga na mkono wake wa kulia ukabaki dhaifu. Alijifunza kushona, na mwaka 1877 akafungua duka dogo la nguo za felti, kwani mjini humo kulikuwa na kiwanda cha felti na malighafi haikuwa mbali. Mwaka 1880 alishona tembo mdogo wa felti wa kuchomekea sindano, akifuata mchoro aliouona katika gazeti la mitindo. Watoto wakampenda tembo huyo kwa kuchezea. Kufikia 1886 matembo zaidi ya 5,000 yalikuwa yameuzwa, na mwaka 1907 kampuni yake ilitengeneza dubu wa kuchezea wapatao 974,000, ikiwa na wafanyakazi 400 kiwandani na wengine 1,800 walioshonea nyumbani kwao.

Hesabu hiyo ya mwisho ndiyo inayopaswa kumkalia mshonaji akilini. Kwa kila mfanyakazi aliyekuwa kiwandani, zaidi ya wanne walikuwa majumbani. Jina lililokuwa sikioni mwa dubu lilikuwa moja tu, nalo halikuwa la mama aliyemshona usiku. Ushonaji wa felti unaweza kujenga kampuni kubwa, na unaweza pia kumfanya mtu kibarua asiyeonekana. Tofauti inatokana na nani anamiliki mchoro, nani anamjua mteja, na nani anapanga bei.

Mfano wa karibu zaidi na siku hizi ni Nepal. Nchi hiyo ya milimani huuza ulaya na Marekani shanga, wanyama na mapambo ya felti yaliyotengenezwa kwa mikono, na sehemu kubwa ya sufu inayotumika huagizwa kutoka New Zealand. Yaani wanalipa meli na ushuru, wanapandisha mzigo milimani, kisha wanausafirisha tena kwenda kwa mteja, na bado biashara ipo. Mfugaji wa Nyandarua anayemwaga sufu shimoni anapaswa kulitafakari jambo hilo kabla ya kusema manyoya ya kondoo hayana thamani.

Si kwamba Kenya haijajaribu. Nanyuki, kikundi cha akina mama wasokotaji na wafumaji kimekuwapo tangu 1977, na kule Njoro, Kenana Knitters walianza mwaka 1998 kwa kuwakusanya wanawake wa vijijini wanaosokota sufu kwa mkono na kufuma wanyama wa kuchezea. Hao wanafuma kwa sindano za kufumia, hawashoni felti, lakini wameonyesha kuwa twiga aliyetengenezwa kijijini kwa sufu ya hapa anaweza kupata mteja mbali. Ushonaji wa felti unaweza kupita njia hiyo hiyo, tena kwa vifaa vichache zaidi.

Hata hivyo, si kila sufu hutoa felti. Mfugaji asiyejua aina ya kondoo wake atamuuzia mshonaji gunia la kumtia hasira. Sufu ya Merino ni nyembamba na hushikana upesi, ikatoa felti laini. Ya Corriedale nayo hushikana vizuri. Hampshire Down ni mkaidi: unaweza kuisugua sufu yake hadi viganja vichubuke na isigande sawasawa. Lakini sufu hiyo hiyo inayokataa kuganda ina ubavu wa kurudi ikibonyezwa, na kwa sababu hiyo ni nzuri mno kwa kujazia matumbo ya tembo na ndege. Dorper, ambaye wafugaji wengi wamemhamia kwa ajili ya nyama, hana la kumpa mshonaji. Kondoo wengi wa Tanzania na wa maeneo kame ya Kenya, wekundu wa Kimaasai na wale wenye vichwa vyeusi, ni wa nywele, si wa sufu.

Kazi ya kuandaa ni ya uvumilivu, na hapa ndipo wengi hukata tamaa. Sufu ikitoka mgongoni huwa na mafuta, jasho, mavi na miba. Kwanza hutengwa ya tumboni na ya makalioni, maana hiyo ni chafu na fupi. Iliyobaki huoshwa kwa maji ya moto na sabuni bila kuisugua wala kuichanganya, kwa sababu ikisuguliwa wakati huo itaganda kabla ya wakati wake. Gunia likishaoshwa huweza kupungua hata nusu ya uzito, jambo ambalo muuzaji na mnunuzi wanapaswa kukubaliana mapema wasije wakagombana kwenye mizani. Baada ya kukauka huchanuliwa, hutandazwa tabaka juu ya tabaka, moja likienda wima na jingine likikingama, hunyunyiziwa maji ya moto yenye sabuni, husuguliwa taratibu, kisha huviringishwa ndani ya mkeka na kusukumwa mbele na nyuma kama chapati hadi bamba likaze. Litasinyaa sana, kwa hiyo anayetaka bamba la mraba la sentimita 30 atandaze eneo kubwa kupita hilo.

Rangi nazo zipo mashambani. Maganda ya vitunguu yakichemshwa pamoja na sufu iliyowekewa shabu hutoa manjano hadi rangi ya chungwa. Gugu la mubangi, ambalo kila mkulima wa mlimani hulilaani wakati wa palizi, nalo hutoa manjano. Plastiki haipokei rangi hizo.

Mshonaji asiye na kondoo wala jirani mwenye kondoo ana njia nyingine ambayo watu hawaizungumzii vya kutosha, nayo ni mitumba. Katika marobota yanayofunguliwa Gikomba au Kongowea hutoka sweta za sufu tupu zilizotoboka kiwiko au kuchakaa shingo, ambazo hakuna atakayezivaa. Sweta ya namna hiyo ikifuliwa kwa maji ya moto sana na sabuni, ikapondwapondwa ndani ya beseni, kisha ikatumbukizwa kwenye maji baridi, husinyaa na kuwa felti nene inayokatika bila kuchanuka. Kosa ambalo wengine hulia nalo wakiharibu sweta nzuri ya mtoto, kwa mshonaji ni mtaji. Aangalie tu lebo, maana sufu iliyochanganywa na nailoni nyingi, au iliyotibiwa kiwandani ili isisinyae kwenye mashine ya kufulia, haigandi.

Lebo ikiwa imekatwa, moto utasema. Nyuzi chache zikiwashwa kwa kiberiti, sufu huungua polepole, hutoa harufu ya nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika kwa vidole. Plastiki huyeyuka na kuganda kama ushanga mgumu. Jaribio hilo lifanywe pia dukani kabla ya kulipia felti inayosemekana kuwa ni ya sufu, kwa sababu nyingi zinazouzwa kwa vipande vya rangi kali ni za poliesta au akriliki, na baadhi hutokana na plastiki ya chupa zilizotumika.

Haimaanishi kuwa felti ya plastiki ni haramu. Kwa mapambo ya darasani ni nzuri na ya bei nafuu: haishambuliwi na nondo, na mwalimu wa chekechea anaweza kutengeneza ubao wa felti ambao maumbo na herufi hushika bila gundi. Lakini mshonaji anayetaka bei ya mtalii au ya mteja wa nje asidhani kuwa tembo wa plastiki atashindana na tembo wa plastiki aliyetoka kwenye kiwanda kikubwa. Hapo atapigwa kwa bei, na hana pa kukimbilia.

Sasa ije hesabu, ambayo ndiyo kiini cha mambo haya yote. Washonaji wengi wa nyumbani hupanga bei kwa kutazama jirani anauzaje, au kwa kujumlisha felti na uzi kisha kuongeza kidogo. Saa zao hawazihesabu, kwa sababu wanashona jioni wakisikiliza redio na wanaona ni saa za bure. Hakuna saa ya bure. Saa ya jioni ingeweza kuchambua maharage ya kuuza, kufuma sweta, au hata kulala ili kesho shamba lilimwe vizuri.

Chukulia mfano, tarakimu zikiwa za kuelezea tu. Mama anashona tembo wa ukubwa wa kiganja. Kukata kunamchukua dakika 20, kushona dakika 90, kujaza dakika 25, na masikio, macho na mkia dakika 15. Jumla ni dakika 150, yaani saa mbili na nusu. Anamuuza kwa shilingi 300. Felti, uzi na cha kujazia vimekula shilingi 90, nauli na wale walioharibika shilingi 40. Amebaki na 170, ambayo ni shilingi 68 kwa saa. Mama huyo huyo akishona nyota ya mti wa Krismasi inayomchukua dakika 25, akaiuza shilingi 100, akaondoa 25 za vifaa na 10 za nauli, anabaki na 65. Kwa saa hiyo ni shilingi 156. Tembo anapendeza zaidi mezani na kila mpita njia anamshika na kumsifu, lakini nyota ndiyo inayolipa zaidi ya mara mbili.

Kila mtu aweke tarakimu zake mwenyewe badala ya hizo, kwa saa ya ukutani na daftari, kwa wiki mbili. Huenda akagundua kuwa bidhaa anayojivunia ndiyo inayomla. Dawa yake si lazima kuiacha. Anaweza kupandisha bei, kupunguza mshono, au kukata vipande 20 kwa pamoja badala ya kimoja kimoja. Matembo wawili watatu wabaki mezani kama chambo cha kumsimamisha mteja, na fedha zitoke kwenye nyota.

Dalali naye ana njia yake. Hufika na vipande vilivyokwisha kukatwa, huviacha kwa kikundi, na wiki inayofuata hurudi kukusanya, akilipa kwa kipande. Hakuna ubaya katika kulipwa kwa kipande ikiwa mshonaji ameshajua kipande kinamla dakika ngapi. Ubaya ni pale dalali anapokataa kazi kwa kisingizio cha mshono mbaya, halafu akaondoka nayo hiyo hiyo bila kulipa. Mkataba namba 177 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1996, unataka anayefanyia kazi nyumbani atendewe sawa na waajiriwa wengine, ikiwemo katika malipo. Lakini mkataba wa Geneva hauwezi kumfuata dalali hadi kijijini. Kikundi chenyewe ndicho kiweke sampuli moja iliyokubaliwa na pande zote, iliyotiwa saini kwenye karatasi iliyofungwa nayo, na kazi iliyokataliwa ibaki kwa mshonaji.

Kuna ugonjwa mwingine ambao wahusika hawapendi kuusikia, nao ni kuigana. Mmoja akiuza twiga watatu Jumamosi, Jumamosi inayofuata meza saba zina twiga yule yule, wa rangi ile ile, na kufikia mwisho wa mwezi bei imeshuka nusu. Kenya na Tanzania zina vitu vingi vya kuigwa kutoka kwenye maisha kuliko kutoka kwenye meza ya jirani: daladala na matatu, jahazi, kanga yenye jina la mtoto aliyezaliwa, kuku wa kienyeji, bibi aliyebeba ndoo, mkungu wa ndizi. Mtalii ameshamwona simba katika kila duka kutoka uwanja wa ndege hadi hotelini. Matatu ya felti yenye namba ya njia aliyopanda mwenyewe ataikumbuka.

Anayelenga soko la Ulaya ajue mambo mawili. La kwanza ni usalama. Kitu kikihesabiwa kuwa cha kuchezea mtoto, hasa mwenye umri wa chini ya miaka mitatu, sheria za Umoja wa Ulaya hukataza vipande vidogo vinavyoweza kung'oka na kumezwa, na hudai vipimo vyenye gharama. Kitu cha kupamba sherehe, kama nyota ya Krismasi, hakihesabiwi kuwa cha kuchezea. Kwa kikundi kinachoanza, basi, mapambo ni mlango mwepesi kuliko wanasesere. Hata hapa nyumbani, macho ya vifungo au shanga yasiwekwe kwenye kitu atakachopewa mtoto mchanga; macho ya kudarizi kwa uzi yanatosha na hayang'oki. Sufi ya mti wa msufi, ambayo watu wa pwani huijazia mito, ni nyepesi na nzuri, lakini hushika moto upesi, kwa hiyo isitumike kwenye pambo litakalowekwa karibu na mshumaa.

La pili ni kalenda. Maonyesho makubwa ya mapambo ya Krismasi ya Frankfurt, Ujerumani, hufanyika mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, wakati Wakenya wengi wanatafuta karo. Hapo ndipo wenye maduka huchagua watakachouza Desemba, miezi kumi hivi baadaye. Anayepeleka sampuli Septemba amechelewa kwa mwaka mzima. Oda ikishapatikana, kushona ni kazi ya katikati ya mwaka, na sufu iwe imeoshwa na kukaushwa kabla ya hapo, wakati wa jua, maana sufu yenye unyevu huvunda ndani ya gunia.

Soko la hapa nyumbani ni jepesi zaidi. Duka la zawadi la Nairobi au Nakuru, hoteli ya pwani au shule ya chekechea ya mjini haitaki sampuli mwaka mzima kabla. Lakini nayo hutaka kuona nyota 50 zinazofanana kwa ukubwa, zenye kamba ya kutundikia iliyoshonewa ndani na si kubandikwa kwa gundi, na karatasi ndogo inayosema sufu ilitoka wapi na nani alishona. Karatasi hiyo iandikwe jina la kikundi na nambari yake ya simu, ili mteja wa pili asilazimike kupitia kwa dalali.